Nyua Nne, Kipimamvua Kimoja: Namna ya Kulima Mboga za Nyumbani na Majirani Dar es Salaam

Anayelima mboga nyuma ya nyumba yake Dar es Salaam ana shida tatu zinazokwenda pamoja. Eneo lake ni dogo mno kumwezesha kuhamisha nyanya kutoka kona moja hadi nyingine kila msimu, maji yake ni ya bomba lenye mgao au ya kisima chenye chumvi, na mwenyewe huondoka alfajiri akarudi jua limekwisha kuzama. Hakuna mbolea inayotibu shida hizo. Hupungua sana, hata hivyo, pale nyumba tatu au nne zinazopakana zinapokubaliana kulima kana kwamba zina bustani moja iliyokatwa na kuta, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuyafikia makubaliano hayo na namna ya kuyaendesha kwa kufuata mvua, jua na upepo wa jiji hili.

Kuwapata majirani

Usiitishe kikao. Kikao huzaa mwenyekiti, katibu na mchango wa kila mwezi kabla mbegu moja haijaota, na mwaka haujaisha utaona watu wanakwepana kwa sababu ya mchango. Anza na sahani. Katika nyumba nyingi za Pwani sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo ukipeleka matembele yaliyopikwa kwa nazi, pamoja na kifungu cha mashina yake mabichi kando, utakuwa umefungua mazungumzo ambayo jirani mwenyewe ataona haya kuyaacha njiani. Atakayerudisha sahani akiuliza kama shina linakatwa nchani au shinani, huyo ndiye mwenzako. Atakayerudisha maandazi na shukrani ni jirani mwema pia, ila usimlazimishe kushika jembe.

Jibu la swali lake ni kwamba shina la matembele hukatwa upande wa nchani, urefu wa sentimita 25 hadi 30, majani ya chini yakaondolewa, kisha likafukiwa jioni kwa mshazari ili vifundo viwili au vitatu viwe ardhini. Baada ya wiki tano au sita huanza kuchumwa, nalo huendelea kuchipua kwa miezi mingi likipata maji. Ndiyo maana ni zawadi bora ya kuanzia kuliko mche wa nyanya, ambao ukifa humfanya mpokeaji ajione hana mkono wa kilimo.

Unapochagua, tafuta nyua zisizofanana. Ua wenye kivuli cha mwembe unafaa kwa kitalu cha miche, ua unaopigwa na jua kutwa unafaa kwa bamia na nyanya, wenye tangi kubwa utawaokoa wote siku za mgao, na wenye mtu anayeshinda nyumbani ni wa thamani kuliko yote. Katika mtaa wetu mtu huyo ni bibi mmoja ambaye hana hata tuta moja la maana, lakini kwa kuwa hukaa barazani kuanzia asubuhi, ndiye anayejua mvua ilianza saa ngapi, kuku wa nani wameingia wapi, na mche upi umelegea mchana ukainuka jioni.

Kabla ya kugawana kazi, pitieni pamoja udongo wa kila ua. Wengi huanza bustani wakikimbia mboga za mabondeni, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa watafiti walipopima mboga zilizolimwa kando ya Mto Msimbazi walikuta metali nzito, risasi ikiwamo. Haitakuwa na maana kuikimbia risasi ya bondeni halafu ukapanda mchicha mahali palipokuwa pakimwagwa oili chafu ya gari au maji ya betri, au chini ya ukuta unaobanduka rangi ya zamani. Mahali kama hapo pandeni maua, na mboga zilimwe kwenye viroba vilivyojazwa udongo kutoka kwingine.

Kupima mvua

Mvua ya Dar es Salaam haina adabu ya kunyesha sawasawa. Inaweza kulowesha Mbezi na kuiacha Temeke kavu, na hata ndani ya kata moja kuna siku ambapo mtaa wa juu hupata mvua ya kujaza ndoo huku mtaa wa chini ukiona vumbi limetulia tu. Kwa hiyo kipimamvua kimoja kati ya nyua nne kina kazi kubwa, nacho hakihitaji kununuliwa.

Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ikate theluthi ya juu, kisha ugeuze kipande hicho kiingie ndani kichwa chini kama faneli, ili maji yaliyoingia yasikaushwe na jua. Weka kokoto chini, ongeza maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, na hapo ndipo piga mstari wa sifuri. Juu yake bandika rula au chora milimita kwa kalamu isiyofutika. Iketishe chupa ndani ya ndoo yenye mchanga ili isiangushwe na upepo, mahali palipo wazi, umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha ukuta au mti ulio karibu. Soma kila siku saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini hupima mvua ya saa 24 zilizopita, andika kwenye daftari, kisha rudisha maji kwenye mstari wa sifuri. Kazi ya kusoma apewe anayeshinda nyumbani, na daftari likae kwake.

Uzuri wa milimita ni kwamba haihitaji hesabu ngumu: milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Siku za jua kali, mboga za majani kwenye udongo wetu wa kichanga huhitaji takribani lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, maana yake dumu moja la lita 20 linatosha mita nne za mraba. Kipimo kikionyesha milimita 6, pumzika leo. Kikionyesha milimita 20 au 30, usidhani umepata likizo ya wiki nzima, kwa sababu mchanga hauhifadhi maji. Siku ya tatu chimba kwa kidole hadi fundo la pili, na ukikuta pakavu rudi kwenye dumu. Kikionyesha milimita 2 baada ya manyunyu yaliyodumu nusu saa, mwagilia kama kawaida, kwani maji hayo yameosha majani tu na mizizi haikuonja kitu.

Kugawana mazao na kuzungusha nyua

Hapa ndipo faida ya kuwa wengi inapoonekana wazi, na ndipo ninapowaomba wasomaji wasiharakishe.

Mchicha wa kung'oa hukomaa kwa wiki nne hivi tangu kupandwa. Mtu mmoja akipanda tuta zima kwa siku moja, atakula mchicha siku tatu mfululizo, atagawa siku mbili, na utakaobaki utatoa maua. Nyumba nne zikipeana zamu, ya kwanza ikapanda wiki hii, ya pili wiki ijayo, na kuendelea hivyo, basi kila wiki kuna nyumba moja inayong'oa na kuzigawia tatu, kisha inarutubisha tuta na kupanda tena. Tuta la mita moja kwa tatu katika kila ua linatosha kwa zamu hiyo. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, hivyo changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu kabla ya kusia, vinginevyo upande mmoja utaota kama zulia na mwingine utabaki upara. Samadi ya ng'ombe iliyooza inafaa moja kwa moja. Mbolea ya kuku ikae kwanza mwezi mmoja na nusu au zaidi ikiloweshwa na kugeuzwa, kwa kuwa ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Nyanya zina hesabu nyingine. Adui yao mkubwa katika joto letu lenye unyevu ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaoishi udongoni na ambao hauna dawa ya kupulizia. Mche wenye afya hulegea ghafla ukiwa bado kijani, ukafa ndani ya siku chache. Ili kuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, na usubiri dakika chache: kikitoa uzi mweupe mfano wa maziwa, jibu umelipata. Ng'oa mche pamoja na udongo wa mizizini, usiutie kwenye mboji, osha jembe kwa sabuni kabla halijavuka ukuta, na siku hiyohiyo waambie wenzako. Kuficha ugonjwa kwa aibu ndiko kunakoeneza ugonjwa, maana wiki ijayo mtu atakuja kuomba miche kwenye tuta lilelile nawe utaona vigumu kumkatalia.

Tuta lililougua halipaswi kupandwa nyanya, wala ndugu zake yaani bilinganya, ngogwe, pilipili na viazi mviringo, kwa misimu kadhaa. Mwenye ua mmoja mdogo hawezi kutii sharti hilo, lakini nyua nne zinaweza: msimu huu nyanya na ndugu zake wote wakae ua wa kwanza, msimu ujao wa pili, na hivyo kila ua ukapumzika misimu mitatu kabla ya kuwapokea tena. Mzunguko huohuo husaidia kupunguza minyoo fundo, ambayo hupenda mchanga na huifanya mizizi ya nyanya na bamia iwe na vinundu mithili ya shanga. Wenye ua wa zamu ndio hupata kazi nyingi zaidi msimu huo, kwa hiyo ni haki wengine wabebe samadi.

Kufuata majira

Masika, kuanzia Machi hadi Mei na Aprili ikiwa ndiyo kilele, ni msimu unaowadanganya wageni. Maji yapo tele, nao hudhani kila kitu kitaota, kumbe mvua kubwa huzoa mbegu, huozesha miche na huleta magonjwa ya ukungu. Inueni matuta sentimita 20 au 30 juu ya njia, chimbeni mifereji inayotoa maji nje bila kuyasukumia uani kwa jirani, na miche ioteshwe kwenye kitalu kilichoezekwa badala ya kusia mbegu moja kwa moja tutani. Matembele, kisamvu, mchaichai na mpapai hufurahia msimu huu. Konokono wakubwa nao huufurahia, na hakuna dawa inayoshinda kutoka saa 2 usiku na tochi na ndoo, kazi ambayo watoto wa nyua zote nne huifanya kwa kelele na bidii kuliko kazi nyingine yoyote utakayowapa. Wavae glavu au mifuko mikononi, na wanawe kwa sabuni wakimaliza.

Kitalu cha nyanya kiandaliwe katikati ya Mei, ili miche ya wiki nne ihamishwe mvua zikiwa zimekwisha na kipupwe kimeingia. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri kuliko yote kwa mtunza bustani wa Dar es Salaam: usiku ni baridi kiasi, magonjwa ya majani hupungua, na nyanya, spinachi, sukuma wiki na chainizi hukua bila kulalamika. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, hivyo kila mche wa nyanya ufungwe kwenye mti wa mita moja na nusu, kamba ikizungushwa kwa umbo la namba nane ili shina lisikwaruzwe. Mvua ni chache, kwa hiyo tandazeni majani makavu unene wa vidole vinne. Kantangaze, yule mdudu anayechora njia ndani ya majani ya nyanya na kutoboa tunda, naye huongezeka wakati mvua haipo. Majani yenye michoro yachumwe kila siku na kufungwa ndani ya mfuko mweusi uliowekwa juani.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, haiaminiki, na miaka miwili iliyofuatana inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 2022 mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na jiji likaingia kwenye mgao mkali wa maji. Mwaka 2023 El Niño ilileta mvua zilizofurika matuta na mitaa. Kwa sababu hiyo kila mmoja agawe mbegu zake za vuli mara mbili, nusu ipandwe mvua ya kwanza ya milimita 20 inapoandikwa daftarini, nusu isubiri wiki mbili. Bamia, kunde na maboga ndiyo mazao ya kutegemewa. Bamia huchumwa baada ya siku 50 hadi 60, na ikishaanza ichumwe kila baada ya siku mbili, kwani ikiachwa wiki huwa ngumu na mmea huacha kuzaa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika, nao husomwa kwa kutazama kanda. Sisi tumo katika pwani ya kaskazini. Maneno “juu ya wastani” au “chini ya wastani” huzungumzia jumla ya msimu na hayasemi lolote kuhusu Jumamosi yako, kwa hiyo yatumieni kuamua mazao na kimo cha matuta, na utabiri wa kila siku uamue lini mnahamisha miche. Tahadhari za upepo mkali zichukuliwe kwa uzito wa pekee. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari zilitangulia kutolewa, na waliosikiliza walikuwa wamekwisha kushusha viroba vya juu ya ukuta.

Januari na Februari zina jua kali na upepo wa kaskazi wenye joto. Punguzeni matuta hadi nusu, yaliyobaki yawekewe kivuli cha makuti, na mwagilieni mapema asubuhi na jioni.

Anaposafiri mmoja wenu

Mwaka mmoja nilikwenda Tanga msibani mwezi wa Februari, nikakaa siku tisa. Nilimwambia kijana wa jirani neno moja tu: “Unimwagilie.” Akaja kila jioni bila kukosa hata siku moja, akamwagilia kila tuta mpaka likatota, kwa bomba la nyuma ambalo ni la maji ya kisima. Sikuwa nimemweleza kwamba maji yale yana chumvi, na kwamba maji ya bustani hutoka kwenye tangi. Niliporudi, spinachi ilikuwa imesimama vizuri kwa kuwa huvumilia chumvi, lakini maharage yote yalikuwa yameungua pembeni mwa majani kama karatasi iliyopitishwa motoni, na kijana alinionyesha kazi yake kwa fahari. Nilimshukuru, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo anayesafiri hufanya mambo manne. Hutembea uani na mwenzake jioni moja kabla ya safari, akionyesha kwa mkono tuta moja baada ya jingine. Huandika idadi ya madumu kwa kila tuta kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, pamoja na jina la bomba la kutumia. Hueleza kipimo cha kutomwagilia, kwa mfano milimita 6 au zaidi. Na husema waziwazi kwamba kila kitakachokomaa wakati hayupo ni cha anayemwagilia, akichume bila kuomba. Sharti hili si la ukarimu tu, kwa sababu bamia na mchicha visivyochumwa huharibika, na mtu humwagilia kwa moyo kile anachokila.

Adabu za kuvuka ukuta

Piga hodi hata kama geti liko wazi na unamwona mwenyewe. Usichume kitu uani kwa mtu mbele ya watoto wake wakati yeye hayupo, hata kama amekuruhusu, maana watoto watajifunza ruhusa bila kujifunza sharti. Kuku wazungumzwe mwanzoni kabisa, kabla hawajafukua kitalu cha mtu, na mwenye kuku apewe kazi ya kuleta mbolea ili wawe na faida kwa wote. Mti ukivuka ukuta, matunda ya upande wa pili yawe ya upande wa pili. Jambo hili liamuliwe maembe yakiwa bado maua.

Mbu ndio ugomvi usiosemwa. Jiji lilikumbwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hutaga kwenye maji kidogo yaliyotuama: sahani za vyungu, makopo ya miche, matairi yaliyopandwa maua. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au siku kumi hivi, kwa hiyo Jumamosi moja kila wiki, kwa zamu, mtu mmoja apite nyua zote nne akimwaga maji hayo, na ndoo na mapipa ya mvua yafunikwe kwa chandarua kilichochakaa. Kwa kuwa anayepita ni wa zamu, hakuna atakayehisi amekaguliwa. Kipimamvua nacho kina maji siku zote, kwa hiyo maji yake yamwagwe kila Jumamosi na mapya yatiwe hadi mstari wa sifuri.

Kuhifadhi mbegu

Mwishoni mwa kiangazi kila ua huchagua mmea mmoja bora kwa mbegu na kuufunga kitambaa ili mgeni asiuchume. Ganda la bamia liachwe likaukie juu ya mmea mpaka lipasuke kidogo. Kichwa cha mchicha kikatwe kikianza kudondosha mbegu nyeusi, kikaushwe kivulini juu ya kanga iliyotandazwa, kisha kifikichwe na kupepetwa. Unyevu wa pwani huua mbegu upesi kuliko wadudu, hivyo zikaushwe tena kivulini siku tatu ndani ya nyumba, ziwekwe kwenye chupa kavu yenye vipande vichache vya mkaa vilivyofungwa ndani ya kitambaa, na kizibo kikazwe. Juu ya chupa liandikwe jina la mboga, ua ilikotoka na mwezi. Kila aina iwe na chupa mbili, moja kwa aliyezalisha na nyingine kwa bibi wa barazani, pamoja na daftari la mvua, kwa sababu nyumba moja ikiingiwa na panya, au mwenyewe akihama, mvua ya kwanza ya vuli itakapoandikwa kutakuwa bado na cha kupanda.